Nimeshika Kidole Gani?

Mlango wa nyumba ya Mkandaji ulikuwa unang'oka. Sisemi ulikuwa mbovu. Uling'oka kwa makusudi. Alimwambia seremala azifunge bawaba kwa namna ambayo mtu akiunyanyua mlango kwa mikono miwili utoke wote, bila nyundo wala bisibisi. Seremala akamwuliza, mama, unawakaribisha wezi? Akajibu kwamba mwizi akija kwake atakuta mikeka na mafuta ya alizeti, abebe vyote, ila mlango auache, maana ule ni gari la wagonjwa. Kwa miaka niliyokaa jirani naye hapa Iguguno niliuona ukitoka mara nne. Kila ulipotoka, kwenye uwazi alitundika khanga, na sisi tukiiona ile khanga tulijua kuna mtu amelala chali juu ya mbao, yuko njiani kwenda hospitali.

Kazi yake ilikuwa migongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole gumba vilivyopinda kwa nje kutokana na kukandamiza nyama za watu. Ulikwenda na mafuta yako mwenyewe kwenye chupa, yeye akayapasha kwenye bakuli juu ya makaa, akakulaza kifudifudi kwenye mkeka. Kisha akapita kwenye uti wa mgongo wako pingili kwa pingili, akizihesabu kwa Kinyiramba kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu mbuzi wake zizini. Akikosea hesabu alianza upya kutoka shingoni. Hakupenda kuitwa mganga. Ukimwita mganga alikuambia uende kwa mganga, na mafuta yako ubebe.

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi cherehani wote tuna mgongo mmoja: umeinama, unawaka katikati, na jioni unashindwa kuinua ndoo. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake sikujua taratibu. Nikasalimia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikajilaza. Akaniambia niamke, nigeuke chali, nifumbe macho. Nikamsikia akisogea hadi miguuni kwangu.

"Nimeshika kidole gani?" akauliza.

"Cha mwisho, mama. Kile kidogo."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Na sasa?"

Akaenda hivyo vidole vyote kumi, taratibu, bila kucheka. Nami nilikuwa najizuia kucheka, maana nilimwona kama anacheza mchezo wa watoto. Alipomaliza aliniuliza swali la pili, kwa sauti ambayo hata waliokaa nje wakisubiri zamu waliisikia: "Leo umekojoa vizuri? Unajua mkojo ukija, au unajikuta umelowa?"

Hilo ndilo swali lililomfanya asemwe mji mzima. Aliliuliza kwa wanaume wazima wenye ndevu na wajukuu. Aliliuliza kwa mwalimu mkuu mbele ya mkewe. Wapo walioondoka kwa hasira na migongo yao. Yeye hakujali. Alisema mishipa ya fahamu inatoka mgongoni inashuka hadi vidoleni, na mingine inapita kwenye kibofu, na mtu ambaye vidole vyake havisikii au mkojo haumwambii unapokuja, mgongo wake si wa kukandwa na mwanamke wa Iguguno mwenye bakuli la mafuta. Huyo hakumgusa tena. Alimwambia, "Hospitali, leo. Si kesho." Ukimbembeleza akukande kidogo tu, alikutolea mfano wa shambani: shina la alizeti likivunjika leo, ua linanyauka kesho, sasa wewe unangoja uone ua?

Usidhani alijua kila kitu. Alipenda kuzidisha, na tulimtania sana kwa hilo. Kwake kila ugonjwa ulianzia mgongoni: kiungulia, usingizi mbaya, mtoto asiyeshika masomo, hata mwanaume mkali nyumbani. Nesi wa zahanati, mtu mpole, alikuwa akimwambia, "Mama, na malaria nayo inatoka mgongoni?" Naye anajibu, "Malaria inatoka kwa mbu, lakini inakaa mgongoni. Wewe ukiwa na malaria hukuumwa mgongo?" Nesi anacheka, maana kweli aliumwa.

Siku moja kuzidisha kule kulimponza. Alikuwapo mama mmoja muuza dagaa aliyelalamika kiuno. Vidole alivitaja vyote sawa, mkojo akasema anaujua, basi Mkandaji akamkanda siku tano mfululizo. Siku ya sita yule mama alikuwa anatetemeka kwa homa, wakampeleka zahanati, ikaonekana ni figo. Alipona, lakini alipona kwa shida. Nilidhani Mkandaji atatafuta maneno ya kujitetea kama tufanyavyo wote. Alivaa khanga safi akaenda zahanati, akasimama mbele ya foleni nzima, akamwambia nesi, "Nimekosea. Nilisahau kwamba mgongo una majirani." Kuanzia siku hiyo akaongeza swali la homa. Mimi ningekuwa nimehama mji.

Sasa niseme kuhusu saa.

Hakuna mtu aliyekandwa kwa Mkandaji kwa zaidi ya saa mbili bila kuachwa mkekani. Chumba cha ndani kilikuwa na redio isiyozimwa, na redio ile ilipolia ishara ya saa mbili, au saa nne, au saa sita, alitoa mikono mgongoni kwako hata kama alikuwa katikati ya pingili. "Ngoja, namgeuza." Akaingia ndani, ukamsikia akihesabu moja, mbili, tatu, kisha kitanda kikalia, kisha mwanaume akasema neno la utani na yeye akacheka. Mwalimu mkuu, ambaye hatimaye alirudi na mgongo wake, aliwahi kuachwa hivyo suruali ikiwa nusu, akaingia mratibu wa elimu naye akiwa na mgongo wake. Wakasalimiana hivyohivyo. Kanisani hakukaa, alisimama nyuma kabisa, na saa nne ikikaribia alitoka hata kama mchungaji ameinua mikono ya baraka. Msibani alilia, akaangalia jua, akaondoka.

Aliyekuwa akigeuzwa ni mwanawe. Alikuwa mwanaume wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye mikono yenye nguvu na mabega mapana, na kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na habari na mwili wake. Alitengeneza redio na simu za watu akiwa amelala ubavu. Alijua habari za nchi nzima. Miguu yake alikuwa akiiita wapangaji: wanakaa bure, hawasemi shikamoo. Nilicheka mara ya kwanza, kisha nikaona aibu, naye akaniambia, "Cheka tu, Mama Neema, nimeusema ili ucheke."

Mtu asiyesikia ngozi yake hajui kwamba amelala upande mmoja mno. Nyama inaoza polepole bila kumpa taarifa, na kidonda cha kulala kikiingia hadi mfupani kinaua. Hayo Mkandaji alifundishwa na daktari mmoja wa viungo miezi aliyokaa chini ya kitanda cha mwanawe hospitalini. Huyo daktari ndiye aliyemfundisha na jaribio la vidole. Alimwambia amgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye akalichukua neno lile kama amri ya Mungu. Zaidi ya miaka ishirini hakulala saa tatu mfululizo. Aliwahi kumwachia wifi yake siku tatu alipokwenda kuzika kijijini Issuna. Wifi ni mtu mwema lakini ana usingizi. Aliporudi alikuta wekundu kiunoni umeshafunguka, na kukiponya kile kidonda kulichukua msimu mzima wa kilimo. Hakumwachia mtu tena.

Jinsi mwanawe alivyoanguka alinisimulia mara moja tu, na sikumuuliza mimi. Tulikuwa tunapepeta ufuta, wawili tu. Alisema mwanawe alipanda mti kushusha mzinga wa nyuki, yeye akiwa chini ameshika kamba. Tawi likakatika. Akaanguka kwa mgongo.

"Alikuwa anaongea," alisema. "Alisema mama mgongo unauma, miguu inawaka moto. Na kandambili moja ilikuwa imebana mguuni, akaisukuma kwa mguu mwingine, ikatoka. Niliona vidole vinacheza, Mama Neema. Niliviona kwa macho haya."

Kisha watu wakakimbia kutoka mashambani. Na kwetu mnajua. Mtu akianguka anainuliwa upesi, anashikwa makwapani, anatembezwa ili damu isilale, anamwagiwa maji. Anayeachwa chini ni maiti. Hakuna mama wa hapa atakayekubali mwanawe aachwe chini watu wakitazama.

"Mimi ndiye niliyesema muinueni. Walikuwa wanasita, mimi nikawafokea. Nikashika kwapa la kulia. Tulipomsimamisha akatoa sauti, kisha akaniuliza, mama, miguu iko wapi?"

Akaendelea kupepeta ufuta. Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, lakini neno hilo lilikuwa dogo mno, nami nikapepeta. Mpaka leo najilaumu kwamba sikumshika hata mkono.

Kwa hiyo unaweza kuelewa alivyokuja siku alipoanguka mume wangu. Baba Neema alikuwa mpakiaji kwenye mashine ya kukamulia alizeti, pale barabarani. Alikuwa juu ya lori, magunia yamepangwa hadi juu ya kichwa cha dereva, gunia moja likateleza akateleza nalo. Niliitwa kutoka kwenye cherehani na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Nilipofika wenzake wanne walikuwa wameshainama kumshika makwapani, nami nilikuwa napiga kelele, "Muinueni! Jamani mnamwangalia? Muinueni!"

Maneno yaleyale. Wakati ule sikujua kwamba ni yaleyale.

Mkandaji alikuja mbio akiwa na mwiko wa ugali, sijui kwa nini mwiko, na aliutumia. Alimpiga wa kwanza mkononi, wa pili mgongoni, wa tatu akaruka mwenyewe. "Mwacheni chini! Atakayemgusa nitamvunja!" Watu walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilimvuta khanga, nikamtukana, nasema kweli, nilimtukana tusi ambalo si la kumtolea mtu mzima. Hakugeuka. Alilala chini, kifudifudi, kwenye vumbi na maganda ya alizeti, uso wake ukitazamana na wa mume wangu.

"Baba Neema. Usiniitikie kwa kichwa. Niitikie kwa mdomo."

"Naam, mama."

"Umeanguka. Utakaa hapa chini kwanza, si kwamba umekufa. Nimeshika kidole gani?" Kumbe miguuni alikuwa ameshamweka mtu.

"Cha gumba. Kulia."

Niliona mabega ya Mkandaji yakishuka. Akaagiza mlango. Wakamsogeza Baba Neema juu yake kwa pamoja, watu sita, kwa hesabu yake ya moja, mbili, tatu, mgongo ukiwa umenyooka, na pande mbili za kichwa akabana vifuko viwili vya mtama. Lori lilelile likampeleka, dereva akiambiwa akiingia kwenye shimo hata moja atajua yeye. Pingili mbili zilikuwa zimepasuka. Daktari alisema walichokikuta wanakikuta mara chache kwa mtu aliyeanguka vile, yaani kwamba bado angeweza kutembea. Leo Baba Neema ana fimbo, habebi mizigo, anakaa pembeni yangu anashona vifungo na kugombana na wateja. Nilikwenda kuomba radhi kwa lile tusi. Mkandaji akaniambia hakulisikia, nikajua alilisikia.

Hapo ndipo pananiuma zaidi nikikumbuka, kwamba mtu aliyepeleka migongo ya watu hospitali siku hiyohiyo, wake mwenyewe hakuupeleka. Mwaka jana wakati wa kuvuna alizeti nilianza kusikia kandambili yake ya kushoto ikiburuta. Nikaichukulia kama uzee. Kisha nikaona anashika ukuta akiingia ndani. Mwanaume mwenye mabega yale si mwepesi, na mgongo uliomgeuza mara kumi na mbili kwa siku kwa miaka yote ile ulikuwa wa mwanamke mmoja. Sote tulikuwa tunajua hesabu hiyo. Tulikuwa tunaipita mlangoni kila siku tukisema shikamoo mama, pole na kazi.

Nilimwambia, "Mama, mguu huo ungekuwa wangu ungeshanifukuza niende hospitali."

"Ungekuwa wako, ndiyo."

"Basi nenda. Mimi nitamgeuza kaka."

"Wewe na mgongo huo wa cherehani? Na usiku? Na Baba Neema je?" Akanitazama kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Nikilazwa mwezi, Mama Neema, nitarudi nikute nini kitandani?"

Nikasema nitajitahidi. Neno hilo la kujitahidi ndilo lililoniharibia. Yeye hakuwa mtu wa kujitahidi. Alisema atakwenda baada ya mavuno ya mtama, kisha baada ya Pasaka. Niliogopa kumsukuma, na ukweli ni kwamba niliogopa pia asije akakubali. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, hadi alfajiri, kila siku. Nililala nikifikiria hilo, na asubuhi nikawa nashukuru kimoyomoyo kwamba amekataa. Hilo sijamwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi. Nilikuwa nakata sare za shule. Nikasikia mwanawe akiita kupitia dirishani, "Jirani! Mama Neema!" bila utani wowote ndani ya sauti, na nikaacha mkasi ndani ya kitambaa.

Mkandaji alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Alikuwa ameshika shuka la mwanawe kwa mkono mmoja, kama alivyolivuta wakati anaanguka. Mwanawe alikuwa amenyoosha mkono chini kadiri alivyoweza, vidole havikumfikia mama yake, vilibaki hewani kama shubiri moja. Nilipiga magoti, mikono yangu ikaenda yenyewe makwapani kwake. Miaka yote ile, na Baba Neema aliyelala vumbini, na bado mikono ilikwenda kulekule.

"Usiniinue," akasema.

Nikaitoa mikono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Nenda miguuni. Uliza kama ninavyouliza." Akafumba macho.

Nilikwenda. Miguu yake ilikuwa midogo, visigino vimepasuka kwa vumbi. Nikashika kidole gumba cha kulia hata kabla sijauliza. Nikakibana. Nikakibana zaidi, kwa kucha. Redio ilikuwa inapiga tangazo la mbegu.

Mkandaji alisubiri, macho yamefumbwa, kwa subira yote ya mtu anayemfundisha mwenzake kazi.

"Anza basi, Mama Neema," akasema. "Mbona hushiki?"

Bado nilikuwa nimekishika. Ningedanganya, lakini sikujua nidanganye nini. Mwanawe kule juu aligeuza uso ukutani. Naye Mkandaji akafumbua macho, na hakuitazama miguu yake. Alimtazama mwanawe, kisha dirisha, jua lilipofikia.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne kasorobo, mama."

"Saa nne umgeuze," akasema. "Alale ubavu wa kulia. Mto mmoja katikati ya magoti."

Nikanyanyuka nikaung'oa mlango. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilipaza sauti hadi wakaja wapakiaji wa mashineni, walewale waliopigwa kwa mwiko, wakamsogeza juu ya mbao kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, na Baba Neema kwa fimbo yake akawatangulia barabarani kusimamisha gari. Vifuko vya mtama alielekeza mwenyewe vilipo. Walipokuwa wanamtoa alimwambia mwanawe kitu kwa Kinyiramba, neno fupi, mwanawe akaitika. Nikatundika khanga.

Redio ikalia ishara ya saa nne. Sikuwa nimewahi kuingia chumba kile saa ile. Siku zote nilikuwa ng'ambo ya ukuta, mkekani, nikisikia tu. Nikaweka mkono mmoja begani kwake na mwingine nyongani, nikahesabu, nikavuta. Mgongo wangu ulinichoma kutoka shingoni mpaka chini, na nikajua kwamba utanichoma tena saa sita, na saa nane, na saa kumi. Fulana yake ikapanda.

Ndipo nikauona mgongo wake. Katikati palikuwa na nundu ndogo pale ulipovunjika, na chini, kiunoni, alama moja kuukuu, ile ya siku tatu za wifi. Kwingine kote, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kulala, ngozi ilikuwa safi kabisa, laini, kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia, nalia kwa sauti mbele ya mwanaume aliyelala.

Akaniacha nilie kidogo. Kisha akasema, bado ameelekea ukutani, "Mama Neema, chini yangu hapo kuna mkunjo wa shuka?"

Nikatazama nikiwa najifuta macho. Ulikuwapo, mdogo.

"Unyooshe. Mimi siusikii, lakini mama anasema mkunjo ndio unaoanzisha kidonda."

Nikaunyoosha.